Picha Nilizopiga Saa ya Futari

Mpendwa Bi Inshirah,

Naomba unisaidie, na ukitaka kucheka cheka kwanza, mwenyewe nimeshajicheka mpaka mke wangu kahamia chumba cha watoto. Natunza hifadhidata ya kituo cha kusafisha damu za wagonjwa wa figo hapa Asyut, na tangu Ramadhani ianze watu wananiita Bashmuhandis Picha, yaani Bwana Mhandisi Picha, kwa sababu diski zetu mpya zinaweza kupiga picha ya data yote, yaani nakala yake kama ilivyo dakika hiyo, kufumba na kufumbua, na mimi bingwa nikaamua picha ipigwe mzinga wa kufuturu ukilia magharibi, maana nilijiuliza nani atagusa kompyuta wakati mji mzima una kijiko mdomoni, basi napiga diski ya data, nakunywa maji ya ukwaju taratibu, ndipo napiga diski ya pili inayoandika kila badiliko, kisha narudi kwenye supu ya dengu, roho kwatu.

Juzi, kwa majivuno tu, nikarejesha picha moja kwenye seva ya akiba ili nijirekodi video ya kujisifu. Hifadhidata ikagoma kuwaka. Nikajaribu picha nyingine, nayo ikagoma, na video ninayo, naonekana nikitabasamu kama bwana harusi aliyekimbiwa. Nikashuka mapokezi kutafuta wa kumlaumu, nikamkuta muuguzi wetu, Sista Dimyana.

"Hivi saa ya futari huwa unafanya nini hapa?"

"Si nawashikia zamu, bashmuhandis? Nyie mnakula, mimi naingiza vipimo vya kutwa nzima. Ndiyo saa yangu tamu, hakuna wa kunisumbua."

"Vyote?"

"Vyote. Kwani nimekukosea nini, mbona unatoka jasho?"

Kumbe saa niliyoiita kimya ndiyo yenye shughuli kuliko zote! Sikukuu ikifika tunahamia jengo jipya, na diski zikipata hitilafu njiani hatuna nakala nyingine. Mle ndimo uzito wa kila mgonjwa ulimo, dawa zake na kiasi cha maji ya kumtoa. Daktari Ulfat, mkurugenzi wetu, amenisifu mbele ya kikao. Nimwambie, au nirekebishe kimyakimya?

Ni mimi, Bingwa wa Picha.

JIBU

Bingwa, nimecheka, halafu nikakumbuka shangazi yangu anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, kicheko kikaisha.

Kwanza ushukuru majivuno yako. Bila ile video ungegundua haya mgonjwa akiwa tayari kitandani. Lakini wewe mtu mzima, nani alikufundisha kupiga picha ya kichwa, unywe ukwaju, ndipo upige ya miguu, wakati mwenye mwili anatembea? Diski zile mbili ni kitu kimoja. Zikipigwa nyakati mbili, hifadhidata inaamka inakuta nusu yake iko mbele ya nyingine, inakataa, na ina haki ya kukataa.

Miaka mingi nilitunza mifumo ya bima kabla ya kutunza machozi yenu, kwa hiyo nisikilize. Usitegemee saa ya kula, tegemea amri. Iambie hifadhidata yenyewe ijiandae na isitishe kuandika kidogo, piga diski zote mbili kwa pamoja, kisha iachie iendelee, Dimyana hatajua hata kama ilisimama. Na picha ikibaki kwenye diski zilezile haijakuokoa na kitu, diski zikifa inakufa nazo, ihamishie mashine nyingine. Siku ya kuhama, zima hifadhidata kistaarabu kwanza, halafu upige. Tena ongeza nakala kamili inayotolewa na hifadhidata yenyewe. Zote uzirejeshe kwenye seva ya akiba, na usiseme zimepona mpaka anayewajua wagonjwa asome rekodi zao kwa macho yake.

Kuhusu Daktari Ulfat, mwambie leo. Sifa zile hazikuwa zako, na huna haki ya kumwacha apange safari akidhani ana nakala. Atakufokea. Ufokewe, utapona, wagonjwa wako wakipotezewa vipimo wengine hawataweza kusema hivyo.

Halafu mzinga ukilia jioni, beba futari yako ushuke mapokezi, ukae uone saa ya kimya ilivyo. Mchukulie Dimyana ful, maharagwe yale ya kuponda, ya mafuta ya zeituni, usitie siagi, maana jina lake ni la Kikopti, na Wakristo hao sasa wako kwenye Kwaresima, hawagusi kitu cha mnyama. Siku zote hizi amefunga naye, huku akikushikia zamu ule, nawe hukuwahi kuuliza.