Kona ya Bimdogo

Kismayu, Jumatatu

Kwa dada yangu Mwanapili,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta Mombasa ukiwa mzima, magoti yamekupa nafuu, sukari imeshuka, na wajukuu wanakuachia japo saa moja ya kulala adhuhuri. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Rawda anakusalimu sana na anauliza kama ile dawa ya majani aliyokupelekea uliitumia au uliitupa. Mimi namjua dada yangu, nimemwambia uliitupa.

Utashangaa kupata barua na simu zipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu huniachi nikamaliza maneno, na safari hii nataka kumaliza. Tena naandika kwa mkono wangu, bila kuazima macho ya mtu, na hiyo ndiyo habari ya kwanza. Habari ya pili inamhusu Bimdogo. Najua ukiliona jina hilo utataka kuikunja barua. Nakuomba usiikunje. Safiyya aliyekuletea nimemwagiza akae hapo mpaka uimalize, kwa hivyo mpe chai.

Madaktari wa macho walikuja hapa mwezi wa Rajabu, wakakaa siku kumi. Rawda ndiye aliyenipeleka, na njia nzima alikuwa akiniambia niangalie shimo, niangalie jiwe, nami nikimjibu kwamba naliona. Walinipima, wakasema nina mtoto wa jicho macho yote mawili, na la kulia limekomaa hata hawaelewi nilifikaje pale kwa miguu. Sikuwaambia kwamba asubuhi ileile nilikuwa juu ya baiskeli. Walinitia dawa ya ganzi. Nikawa nawasikia wakishauriana watakula nini mchana, na kabla hawajaafikiana kazi ilikuwa imekwisha.

Kesho yake walipoondoa bandeji, kitu cha kwanza nilichokiona ni ukuta wenye ufa. Niliutazama kwa muda. Kisha nikaitazama kanzu yangu ambayo siku zote nilidhani ni nyeupe. Nilipofika nyumbani nilimuuliza Rawda nywele zake zimeanza lini kugeuka, akanijibu kwamba zilianza mwaka ule nilipoacha kumtazama. Nikaomba chai.

Nilikatazwa kuinama, kunyanyua mzigo na kupanda baiskeli kwa wiki sita. Nikawa nasali kwenye kiti. Baiskeli ikaegemezwa ukumbini, Rawda akaanikia nguo juu yake, na samaki wangu wakawa wanachukuliwa na wengine. Unajua kazi yangu ilivyo. Mashua za visiwa vya Chula na Chovai zikishusha, mimi hufunga mitungo ya samaki nyuma ya baiskeli nikaipeleka nyumba kwa nyumba kabla jua halijawa kali. Mtu wa kazi hiyo akionekana ana kasoro ya macho, hakuna nahodha atakayempa samaki wake. Hilo liweke akilini, nitalirudia.

Wiki sita zilipotimia yule muuguzi aliyebaki hapa akaniambia niko huru, ila nivae miwani ya jua kwa ajili ya vumbi. Nikajaza pumzi tairi, nikatia mafuta mnyororo, nikatoa baiskeli nje. Nilidhani nitafurahi. Lakini dada, niliogopa. Bajaji zilikuwa nyingi, zinakuja pande zote. Mashimo yalikuwa nisiyoyajua, mbuzi wamelala njiani, waya umening'inia. Ndipo nikajua kwamba ile miaka niliyojisifu kuwa sina woga, nilikuwa sioni kitu cha kuogopa. Nilikuwa naendesha kwa hesabu. Kutoka ufukoni mpaka msikitini nazungusha pedali mara mia na arobaini, nikisikia harufu ya tanuri la mikate ya mofa najua nimefika kwa Bimdogo, napiga kengele, nakata kushoto. Watu wakisikia kengele walinipisha. Kwa hivyo nilijiona nina macho.

Sasa nifike kwenye kona hiyo. Unakumbuka nilivyokueleza miaka miwili iliyopita. Nilikwambia Bimdogo alitoka kichochoroni mbio, na sinia la mofa kichwani, bila kutazama, akajitupa mbele ya gurudumu. Nilikwambia mimi nilipasuka kipaji cha uso na yeye akavunjika kifundo cha mkono, na kwamba ni rehema ya Mungu hatukufa. Wewe ukakata simu yangu ukampigia yeye. Sikuwepo, lakini nilisikia uliyomwambia kwa sababu mtaa mzima ulisikia. Ulimwambia mtu aliyezeeka akakosa akili hufungiwa ndani, asije akaua ndugu za watu. Tangu siku hiyo hujasema naye. Na mwaka jana ulimwoza mwanao Jaafar bila kumjulisha.

Jaafar, dada. Mwaka wa tisini na moja, tulipokimbia Chula, maziwa yako yalikatika kwa hofu, na Bimdogo akamtoa mwanawe titi moja akampa Jaafar siku kumi na moja. Mimi nilikuwepo, nililiona hilo kwa macho yaliyokuwa mazima. Mama yake wa kunyonya alisikia habari ya harusi kwa muuza mkaa.

Asubuhi ile ya kwanza nilisimama pale konani, mguu mmoja chini. Sikuwa nimepaona kwa miaka sita. Ni pana, dada. Hakuna mti, hakuna ukuta uliotokeza. Kutoka msikitini unauona mlango wa Bimdogo na tanuri lake, na mtu aliyesimama pale unamwona mpaka rangi ya leso yake. Na hapana kichochoro. Palikuwa na kichochoro zamani, kikazibwa kwa nyumba wakati macho yangu yameshafifia. Nilikuwa nimesema alitoka kichochoroni kwa sababu ndivyo nilivyopakumbuka.

Basi nikwambie. Bimdogo hakutoka mbio. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wake, anawapangia watoto wa chuo cha Kurani mofa zao. Siku hiyo upepo ulikuwa wa nyuma, harufu ya tanuri haikunifikia, nikakosea hesabu na sikupiga kengele. Nilimgonga mtu aliyesimama. Watu walipokusanyika mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema, na nilisema kwa sauti. Jirani yetu Hussni akaniunga mkono naye alikuwa ndani kwake. Waliniamini kwa sababu mimi ni mtu wa hadhari, na yeye ni mwanamke mzee asiye na mume wala kaka.

Haya si ya mwisho. Siku ya tatu alikuja kwangu, mkono umefungwa kwa kitambaa, na sahani ya mofa za moto kwa mkono wa pili. Akaomba radhi mbele ya Rawda na mbele ya Hussni. Alisema hakumbuki kama alitembea, lakini kwa kuwa wote wanasema alitembea, basi alitembea. Nami nikampa radhi. Nikamwambia nimemsamehe duniani na akhera. Kisha nikazila zile mofa.

Nimeona haya hata kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi yangu yalimuumbua mwingine. Niliogopa kunyimwa samaki, basi. Na kwa jinsi nilivyolirudia lile neno la kichochoro, mwishowe nilianza kuliamini mwenyewe.

Niliegemeza baiskeli nikabisha hodi. Alinijua kwa sauti, akasema nipite. Nikamwambia hapana, nitasema hapa mlangoni, na nikasema yote. Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika kwamba alikuwa amesimama. Nikamwambia nina hakika. Ndipo akanieleza kwamba miaka miwili hajavuka njia ile peke yake. Maji huletewa. Harusi haendi, kwa kuwa alidhani akili yake humtoka bila yeye kujua, na siku nyingine atajikuta mbele ya gari. Kila usiku alikuwa akijifungia mlango kwa ndani na ufunguo kumpa jirani kupitia dirishani. Wewe ulimwambia afungiwe, naye akatii.

Kisha akajitanda leso, akatoka mpaka katikati ya njia, akasimama. Akaniambia, “Enda hata msikitini, kisa uye na baiskeli yako. Mimi tasimama hapa.”

Nikamwambia Bimdogo, hapana haja. Akasema, “Iko haja. Nataka kuona kama ni mimi au ni wewe.”

Nikaenda. Niligeuza baiskeli pale msikitini nikaanza kuja. Nilimwona tangu mwanzo, dada, leso nyekundu na mkono wa kulia umepinda kidogo pale ulipounga vibaya. Alikuwa amefumba macho. Nilipofika karibu nilikata upande, nikapita, nikapiga kengele. Hakusogea hata unyayo. Alipofumbua macho alitazama chini, mahali miguu yake ilipokuwa, kisha akavuka njia mpaka ng'ambo, peke yake, akarudi, akavuka tena.

Nilimwomba radhi palepale, mbele ya wenye bajaji waliosimama kutazama. Alinijibu polepole. “Ya mkono nimekusamehe, mifupa ni mifupa. Ya Jaafar si yako kuomba. Mchu alonikata ni Mwanapili. Siku atakayonipigia simu, siku hiyo na wewe njoo, uchukue radhi yako.” Akaingia ndani, na safari hii hakufunga mlango.

Jioni ileile nilimweleza Hussni, na kesho yake manahodha wote. Wawili wameninyima samaki. Nilistahili, siwalaumu. Waliobaki wananitosha.

Kwa hivyo, dada yangu, kosa ni langu na hasira zako uzielekeze kwangu, nitazipokea zote, hata kwa simu, na sitakukatiza. Lakini kwanza mpigie yeye. Namba yake haijabadilika. Na Jaafar azungumze naye, Bimdogo apate kumwombea dua yeye na mkewe. Mimi kila asubuhi napita pale na samaki, napiga kengele, naye hunitazama bila kuitika.

Nisalimie Jaafar na mkewe na wajukuu wote, kila mmoja kwa jina lake. Rawda amekufungia ubani kidogo, umo kwenye mfuko alio nao Safiyya, na safari hii si dawa, usiutupe. Mungu akuweke kwa afya njema.

Ni mimi ndugu yako, ninayengoja radhi,

Bakri

Namba ya Bimdogo nimeiandika nyuma ya karatasi hii, kwa herufi kubwa, ikiwa macho yako nayo yameanza kufifia.