Ufa Kwenye Rejeta ya Jitesh

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Barua yako imetukuta wazima hapa mtaani Gerezani, na mama yako mdogo amejifungua salama mtoto wa kike. Unauliza kama uwaambie wenzako chuoni kwamba waya ulioufunga wewe ndio ulioharibu gari lenu la mashindano.

Nimefungua shajara yangu ya miaka ile biashara ya kuagiza bidhaa kutoka nje ilipofunguliwa na spea za mitumba zikajaa mtaani. Sisi mashabiki tulimuundia gari la mashindano dereva wetu, Jitesh wa Upanga, kila mmoja akileta kifaa chake. Mimi nilileta rejeta, ile ya kupoza maji ya injini. Niliona ina ufa mdogo nikanyamaza, maana nilikuwa nimeshajisifu.

Siku ya mashindano, mzunguko wa tatu kwenye uwanja wa vumbi, gari likafuka mvuke, likasimama. Mafundi wakaanza kufungua pampu ya maji, huku wapinzani wanazidi kutupita.

"Acheni pampu," nikasema. "Rejeta yangu ina ufa. Nilijua."

"Mwanaidi! Na majigambo yote yale?" Jitesh akafoka. Kisha akamgeukia mama yake, aliyekuwa akikaanga viazi pembeni. "Mama, lete manjano!"

Injini ilipopoa, wakamimina kwenye rejeta maji na unga wa manjano, kile kiungo cha mchuzi; unga ukavimba, ukauziba ufa. Jitesh alimaliza wa mwisho, nasi tukashangilia hadi sauti zikakauka. Kesho yake wakanituma mimi, si mwingine, nikachague rejeta mpya.

Waambie leo, mjukuu wangu, kabla hawajafungua kifaa kisicho na hitilafu.

Bibi yako,
Mwanaidi