Ombi Lako Nije Nikuozeshe

Amsterdam,
14 Septemba 2003

Mpendwa mwanangu Palupi,

Pokea salamu zangu kutoka huku ambako baridi imeanza kubisha hodi. Kifua cha mama yako kimepoa? Mimi sijambo, ila magoti yamegombana na ngazi.

Barua yako nimeisoma tena na tena. Baba yako na babu yako wametutoka, kaka huna, hivyo zamu ya kukuozesha imenifikia mimi. Kadhi angeweza kushika nafasi hiyo, lakini hutaki kuozeshwa na mtu baki wakati baba yako mkubwa yu hai. Nakuelewa. Tatizo ni kwamba walii, yaani yule anayeozesha, sharti awe Mwislamu, na mimi sijui kama bado ni Mwislamu.

Ngoja nikueleze. Nilipokwenda Peking kusoma, niliamini kwamba mkulima akipewa shamba hatahitaji dua. Kisha huko nyumbani wenzetu wa chama cha kikomunisti wakauawa na jeshi, pasipoti yangu ikafutwa, nikakwama huko huko Peking na kupelekwa mashambani. Nikawakuta wakulima wenye shamba wakiinamia picha ya kiongozi kabla ya kula. Nikahamia huku, nikaweka imani yangu kwa wafanyakazi. Sasa jirani zangu wafanyakazi wanawapigia kura wanaotaka nifukuzwe. Kumwona maskini akinyonywa bado kunanichoma. Mengine yote yamenivurugika kichwani.

Nilimwuliza Tarmuji, mwenzangu tangu Peking. Alicheka mpaka akakohoa.

“Wewe bwana! Ulimkana Mungu, ukaikana Peking, ukakikana na chama. Sasa umkane na mtoto wa nduguyo?”

“Nikamdanganye kadhi?”

“Nani kasema udanganye? Mwambie hujui!”

Jana nikiosha mchele nilijaribu kutamka shahada, nijisikie tu. Ilitoka yote, kwa lafudhi ya marehemu mama. Ilikuwa imani au kumkumbuka mama? Hata sasa sijui.

Basi nimeomba viza, mimi mzaliwa wa Purworejo, ili niingie Purworejo. Nitakuja baada ya Idi na kumweleza kadhi haya yote kama nilivyokueleza. Akinikubali, nitakuozesha. Akinikataa, ataozesha yeye, nami nitaketi nyuma yako, pale ambapo baba yako angeketi.

Nisalimie mama yako, shangazi Karsinah, na huyo Wibowo wako. Mwambie asiniogope.

Mungu akulinde, mwanangu. Nimeyaandika maneno hayo bila kufikiri, na sitayafuta.

Akupendaye daima,
Baba yako mkubwa,
Suwignyo