Duka Linalotazama Geti

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, mama anakusalimu. Macho yake ni yale yale, ila roho haijambo. Shemeji na watoto wazima?

Kaa chini kwanza ndipo usome. Kazi imekwisha. Ijumaa meneja alitukusanya uani akasoma majina, na langu lilipofika hakuinua hata uso. Miaka yote nimeshona kola za sare pale kiwandani, mpaka wakaniita Bwana Kola, na sasa wameleta mashine inayozishona yenyewe. Nikauliza kama naweza kuhamia kwenye mikono ya mashati. Akamwambia karani, "Anayefuata."

Nimeamua. Kiinua mgongo wamenipa, nafungua duka langu la ushonaji. Na silifungui kwingine, ni ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la kiwanda. Kuna fremu tupu yenye chumba kwa nyuma, mimi na mama tutahamia humo. Nataka kila asubuhi gari la meneja likisubiri geti lifunguliwe, anione nimekaa kwangu. Usinivunje moyo.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole sana, na pole tena. Sisi wazima, shemeji yako anakohoa kidogo tu. Barua yako niliisoma jikoni nikaunguza sufuria.

Sasa nisikilize, na usininunie. Hela hiyo tulikubaliana nini? Tulisema ukipata kiinua mgongo, mama anafanyiwa operesheni ya macho. Mshahara wangu wa kufagia maofisi unaishia kwenye kodi, unajua.

Biashara sikatai. Lakini wewe umeshona kola. Shati zima umeshona lini? Suruali umekata lini? Akija bibi harusi na kitambaa chake, utamshonea kola? Njoo kwangu, jirani yangu ni fundi cherehani hasa, akufundishe, kisha ufungue karibu na soko penye watu. Hapo getini mteja wako nani, na wenzako wanavaa sare za bure? Hilo duka unamfungulia mteja au unamfungulia meneja?

Mama atibiwe kwanza. Nakuomba, sikuamuru.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Maneno yako yameniuma, nayaacha.

Nimeshahama. Mama anapapasa kuta za chumba kipya, atazoea. Duka likishika kasi, hiyo operesheni si kitu. Kibao nimekiandika kwa herufi kubwa zinazotazama getini. Anayetoka sokoni hazioni, shauri yake. Na nikafundishwe nini mtu mzima mimi? Cherehani ni cherehani.

Jana gari la meneja lilisimama pale. Alikuwa anaongea na simu. Kesho ataniona.

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Hii ni barua ya tatu hujajibu, na simu yako haipatikani. Jirani yenu wa zamani ameniambia mama alianguka. Ni kweli? Nilikasirika, lakini hasira zimeisha. Niandikie hata mstari mmoja.

Dada yako

9 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya, nilikuwa naona aibu.

Ni kweli mama alianguka, kwenye ngazi ya mlango. Mguu umepona. Macho hayaoni tena hata mwanga, na daktari anasema tumechelewa. Hela imekwenda kwenye kodi ya fremu na kwenye suruali za watu nilizoharibu nikalazimika kulipa. Wenzangu wa kiwandani wakifika hapa wanahamia upande wa pili wa barabara, wanaogopa meneja asije akawaona wakinisalimia. Unaweza kucheka, una haki.

Wiki iliyopita meneja alikuja mwenyewe, kwa miguu. Shati lake lilikuwa limelika kwenye kola, akataka niigeuze, upande uliolika ufichike. Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo tangu Machi, yamenijaa kifuani. Nikafumua, nikageuza, nikashona, yeye amekaa kwenye stuli yangu ananitazama usoni. Nilipomaliza akaipapasa, akasema hajapata kuona kola imekaa hivi.

"Fundi, ulijifunzia wapi?"

Hakuwa ananikejeli, dada. Hanijui kabisa. Nikamwambia, hapo mbele. Akacheka, akasema mtu kama mimi angekwenda kwao wangempa kazi.

Sikumtukana. Nilisimama wima, mikono nyuma, vile tulivyokuwa tunasimama akipita kukagua, nikamuuliza nianze lini.

Akadhani natania. Akalipa, akanipiga bega, akavuka barabara.

Mama alikuwa nyuma ya pazia, amesikia kila neno. Nilipoingia aligeuza uso upande nilipokuwa, akaniuliza, "Amesema uanze lini?"

Mdogo wako