Kukutana kwa Kasa

Jumamosi, usiku

Kosa langu ni kumwambia mama mkwe, "Tukutane kwa kasa," utadhani naye kazaliwa hapa Miritini.

Sisi tukisema kwa kasa, ile sanamu ya stesheni, tunamaanisha mkiani, penye kivuli. Wageni wakishuka treni huenda kichwani wakapige picha, wamsugue pua mpaka inang'aa. Basi yeye kasimama kichwani, mimi na mwanangu Rehema mkiani, na sanamu yenyewe kubwa kama lori. Simu yake imezima.

Harusini alikataa kuja, hakutaka mwanawe aoe mbali. Picha yangu aliyonayo ni ya siku hiyo, nimepambwa hata mwenyewe sijijui. Nikawa naogopa, akichoka kungoja arudi bara na treni ya jioni, halafu mimi...

Rehema akaniponyoka. Nikamfuata mbio, namkuta kapanda shingoni kwa kasa, na mama mmoja kamshika kiuno, anafoka, "Huyu mtoto ni wa nani? Mamake hana macho?"

Nilimjua kwa ile sauti. Mume wangu hufoka vivyo hivyo.

"Shikamoo mama. Ni wako huyo."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wangu?" Akamkumbatia mtoto kwa nguvu. Mimi akanipa begi. Zito wallahi, na nimelibeba nikicheka.

Sasa wamelala kitanda kimoja. Nilipotaka kumchukua Rehema, bibi yake akasema bila kufumbua macho, "Mwache. Wewe nenda kwa mumeo."