Matone Yaliyowaka Bure

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua ya baridi ya maabara hayaniachi. Mama hajambo? Na macho yako?

Uliuliza nafanya kazi gani hasa, maana majirani wakikuuliza unababaika. Nachapa, Baba, kama wewe ulivyochapa. Ila wino wangu ni maji ya silika, madini yale yale ya mchanga na kioo, yaliyochanganywa na protini. Mashine inadondosha matone mia nne kwenye kipande cha kioo chenye upana wa kidole. Tone likiganda linakuwa jeli, na protini inanaswa humo ikiwa hai. Ukipitisha damu yenye dalili ya ugonjwa wa figo, protini inaidaka, na tone linawaka chini ya taa.

Juzi yamewaka yote! Mkuu wa maabara alinipigia makofi mbele za watu. Mwezi ujao vioo vinakwenda zahanati kupimia wagonjwa.

Binti yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo tena. Sikungoja jibu lako.

Nimepitisha damu ya watu wasio na ugonjwa. Matone yamewaka vilevile. Nimerudia mara tatu. Silika ikiganda hutoa spiriti, na nadhani spiriti hiyo ndiyo inayoua protini. Kinachowaka ni rangi tu, ile tunayotia kwenye damu ili ionekane chini ya taa, iliyonywewa na jeli. Watu wasio na ugonjwa wowote wataambiwa figo zao zinakufa.

Sijamwambia mtu. Mkuu ameshatangaza tarehe, na mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Nikae kimya mpaka nipate ufumbuzi, au niseme sasa?

Binti yako

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba, mara mbili. Hatujambo. Mama yako ametoka, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kabla hujazaliwa nilichapa lebo za dawa ya kikohozi ya watoto. "Nusu kijiko." Herufi za "nusu" zililegea zikaanguka, ikabaki "kijiko" tu, nami nikagundua lebo zikiwa zimeshaondoka. Nikajiambia, ngoja, wataona wenyewe. Siku mbili nikanyamaza. Siku ya tatu tukasikia mtoto wa miaka miwili kalazwa, hana fahamu. Ndipo nikaenda kwa bosi. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Mimi nikafukuzwa. Nyumbani nilisema nimeacha kazi kwa sababu ya mgongo.

Mambo ya protini siyajui. Siku mbili zile nazijua. Nenda kesho.

Baba yako

14 Julai

Baba,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Sikuwa na la kuandika.

Nilikwenda. Mkuu alinisikiliza, akavua miwani, akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Baba yangu," nikasema. Akanitazama kana kwamba mimi ni mwendawazimu.

Vioo havikwenda zahanati. Mimi nikatolewa kwenye mashine, nikawekwa kuosha vyombo miezi miwili. Wenzangu wakawa wanakula meza nyingine. Lakini anayeosha chupa ana muda wa kufikiri. Niliomba silika kidogo, nikaivuta spiriti yote kwa pampu kwanza, ndipo nikatia protini. Damu yenye ugonjwa ikawaka. Ya wazima ikabaki giza. Nimerudia mara kumi na moja. Mkuu alikuja kusimama nyuma yangu, akasema tu, "Fanya ya kumi na mbili, niione." Wameniongezea mwaka mmoja.

Baba, namkumbuka Mama akikukanda mgongo kwa mafuta ya moto kila wiki. Anajua habari za lebo? Anajua mgongo wako haukuwa na kitu?

Binti yako

2 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na hongera sana. Nimewaambia majirani, na safari hii sikubabaika.

Alikuwa hajui. Barua yako aliipokea yeye, akaifungua kama anavyofungua zote. Alinikuta uani akasema, "Miaka thelathini na mbili nakanda mgongo usiouma?" Siku nne chakula aliweka mezani akaenda zake.

Leo asubuhi amevuta kiti, akaketi mbele yangu. "Haya. Nieleze mwenyewe, tangu mwanzo, na usiruke mahali."

Nimemweleza. Hata ile siku ya pili, nilivyokula na kulala vizuri huku najua.

Naandika haya naye yuko palepale kitini, hajaenda zake.

Baba yako