Nilijiandikisha Mfagiaji

Igogo, Jumanne, Novemba 1998

Mvua tangu alfajiri, na ziwa limekuwa rangi ya majivu. Leo sijakaanga mapanki, ile mifupa ya sangara ninayouza barabarani. Daftari, nivumilie mwandiko. Niliishia darasa la nne, na leo hata hilo la nne naona limenikimbia.

Nimefanya kosa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tuliitwa ukumbini, sisi wa kikundi cha ngoma cha kile kiwanda cha nguo kilichofungwa. Bwana wa utamaduni akatusomea sera mpya. Eti zamani mashirika yalitulea, sasa ni soko huria, kila kikundi kijiandikishe, kiwe na katiba, kijitegemee. Eti sanaa ni kazi kama kazi nyingine. Hapo nilipiga makofi kweli, mpaka viganja vikauma. Akasema ngoma za kiwanda zilizolala stoo watapewa wale watakaofika na kikundi cha wasanii wasiopungua sita.

Sisi tuko sita hasa. Mama Leticia mwimbaji wetu, wachezaji wanne, na mimi mpiga ngoma. Tulishapanga kwamba tukipata ngoma tunawaingiza binti zetu, wa kwanza Kabula wangu, ili asiende na yule bwana wa promosheni ya bia anayemfuatafuata aende kucheza kwenye mabaa. Nilitaka mwanangu acheze mbele ya macho yangu. Sikutaka kingine.

Nikafika mezani. Karani, binti mdogo mwenye adabu, akaniamkia, akauliza, "Mama, kiwandani ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nikasema, "Mfagiaji."

Hata sikufikiri. Miaka kumi na minne nimepiga ngoma pale, nimepokea wageni uwanja wa ndege, Mei Mosi nimepiga mpaka ngozi ikapasuka. Lakini kwenye daftari la mishahara tuliandikwa wafagiaji, maana fungu la wapiga ngoma halikuwepo. Kila mwisho wa mwezi unafika dirishani, unataja jina na kazi. Siku moja Mama Leticia alijibu "mwimbaji", keshia akamwambia basi aimbe apate mshahara wa kuimba, akarudishwa mwisho wa foleni. Tulicheka wiki nzima. Kumbe mimi lile neno lilishaniingia kwenye mifupa.

Karani akaandika kwa peni, akaniweka kwenye karatasi ya pili, ya wasio wasanii. Nikasema asante.

Nilisema asante!

Mama Leticia alipojua alishika kiuno. "We Mama Kabula, miaka yote kiwandani hujashika ufagio, umekuja kuushika leo? Umetufagia wote!" Wenzangu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Walikuwa wamebaki watano.

Nikarudi kwa yule bwana wa utamaduni, karibu nipige magoti. Hakunitukana. Alisema nilete barua ya kiwanda kwamba nilikuwa mpiga ngoma. Kiwanda kipi? Getini pamebaki mlinzi na mbwa. Na karatasi zote za mshahara nilizotunza sandukuni zinasema mfagiaji. Nikamwambia, baba, nipe ngoma moja nipige usikie. Akatazama saa yake. "Mama, sisi tunataka maandishi."

Saa nane ngoma zikatolewa. Kikundi kilichotimia kilikuwa cha yule bwana wa bia. Vijana tisa, fulana za aina moja, katiba imepigwa taipu. Walizibeba kwenye mvua bila kuzifunika, jamani. Ngozi ikilowa inalegea, sauti inakufa. Nikavua khanga yangu ya juu nikaifunika ile ngoma kubwa. Mmoja akaniambia, "Asante, bibi," wenzake wakaangua kicheko. Nimerudi nyumbani nimelowa, na khanga imekwenda na gari lao.

Jioni Kabula akaingia. Hakuzunguka maneno. "Mayu, mama yangu, ngoma ziko kwao sasa. Ijumaa tunavuka ziwa kwenda kucheza Nansio."

Tangu meli ile izame ziwani mwaka juzi na mamia ya watu, mimi sijamruhusu mtoto wangu kukanyaga chombo chochote cha majini. Nilitafuta neno la kumkataza. Nimwambie nini, abaki tukaange mapanki? Jana ningemwambia subiri, sisi tutakuwa na kikundi chetu. Leo hilo nalo sina.

Akakaa karibu yangu, akasema taratibu, "Wapigaji wao hawajui kufungua ngoma, ule mdundo wa kuanzia. Wanaparamia tu. Nifundishe, nikawaonyeshe."

Nikapindua karai la kukaangia likawa ngoma. Nikamfundisha mkono wa kushoto kwanza, maana ndio unaobeba mwendo, halafu wa kulia. Alikosea mara tatu. Mara ya nne jirani akagonga ukuta, nikadhani tumemkera, kumbe alikuwa anaitikia. Kabula akanitazama, akacheka kama alivyokuwa akicheka alipokuwa mdogo. Nikainamisha kichwa nisimwonyeshe macho yangu.

Sikumwambia nenda. Sikumwambia usiende.

Sasa ametoa kwenye mfuko sketi waliyompa, ameitandaza kitandani. Nyekundu, fupi, hata goti hailitafuti. Kesho nitashuka sokoni kutafuta kitambaa kinachofanana niiongeze chini. Nikipata chekundu kile kile, labda hawatagundua.